Koti la Kizibo

Walikuja na picha iliyokatwa kwenye kalenda:
suti nyeupe, mabega mapana, kofia imelala upande.
"Tushonee hii," alisema Bi Restituta, mwongozaji.
"Ni ya Chirangi Kizibo. Tunampandisha jukwaani,
maisha yake yote, kwa tarumbeta na wachezaji kumi na wawili."
Nikachukua futi. Mkono wangu ulikuwa mtulivu.

Kizibo nilimwona mimi, nikiwa na miaka saba.
Hakuwa na suti. Alikuwa na sweta la kijani
lililofumuka kiwiko, na katambuga miguuni.
Alinuka chachu na mkaa.
Gongo aliinunua Ukara, akaiuza Igogo,
na kati ya Ukara na Igogo palikuwa na baba yangu,
Manyonyi Bituro, mpiga kasia,
madebe sita chini ya magunia ya dagaa,
na askari wa doria aliyekwisha kulipwa.
Jina la Kizibo halikutokana na chupa.
Lilitokana na midomo.

Usiku mmoja askari mgeni, asiyejua kupokea,
alimuuliza baba mzigo ni wa nani.
Hatujui alijibu nini.
Mtumbwi ulirudi. Kasia lilirudi.
Mama aliletewa kilo mbili za sukari
na noti iliyokunjwa ndani ya jani la mgomba.
Noti ilikwenda kwenye karo yangu.
Sukari hakuigusa; sisimizi waliimaliza
wakipita mstari mmoja, bila haraka, wiki nzima.

Sasa niko Mlango Mmoja, na cherehani yangu
ina umri kuliko mwongozaji.
Mchezo wao niliusoma huku pasi ikipata moto.
Kurasa themanini. Baba yumo, ukurasa wa arobaini na moja:
*Mpiga Kasia wa Pili (anaanguka).*
Hana neno hata moja la kusema.
Safari hii amezama ndani ya mabano.

Basi nikatafuta penseli ya wino, ile ya makarani wa zamani,
inayoandika kijivu mpaka ikutane na maji,
nikaandika jina lake lote kwenye bitana, upande wa moyo,
nikalifunika kwa mshono wa mkono.

Usiku wa kwanza ukumbi wa Kirumba ulijaa hadi madirishani.
Deusdedit alicheza vizuri, siwezi kumnyima.
Aliruka mapipa, akapunga kofia,
wasichana wenye manyoya ya bata wakamzunguka,
na watu wa Igogo, ambao babu zao
walipofuka kwa kinywaji kile kile,
wakapiga makofi kufuata ngoma.
Mguu wangu nao ulipiga. Nausema huu, wa kulia.

Mwishoni anaapa kuwa mikono yake ni safi.
Jasho lilikuwa limemlowesha. Na hapo, chini ya mfuko,
likachomoza doa la zambarau,
kwanza punje ya choroko, halafu kisahani.
Ukumbi ukavuta pumzi.
Deusdedit aliyaona macho yao, akatazama kifuani,
akasahau neno.
Tarumbeta ikamsubiri, ikachoka kumsubiri.
Kisha watu wote wakasimama na kushangilia.

Bi Restituta alinifuata nyuma ya pazia akilia:
"Fundi, umefanyaje? Rudia kesho. Rudia kila siku!"
Nikamwambia ni ujanja wa kazi.
Akaniongezea elfu tano kwa kila onyesho,
nami nikazipokea, kama mama alivyoipokea noti.

Leo ni onyesho la kumi na moja.
Koti limefuliwa, limeanikwa, jeupe kama halijui kitu.
Bitana nimeweka mpya.
Nalamba ncha ya penseli. Tangu Jumanne
ulimi wangu ni zambarau, wajukuu wananicheka.
Naanza na herufi ya M.